Usiiachie ulanzi kazi ya moyo

Uyole, Mbeya
Aprili

Dada Tumpe,

Kamwene. Mama hajambo? Watoto wameshafungua shule? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua imetuchosha lakini viazi vimekubali.

Bahasha yako ya mswada nilikabidhiwa stendi na kondakta, haijalowa hata pembe. Nimesoma hadithi yote, kisha nikarudia sura ya saba peke yake. Nakujibu kwa barua kwa sababu simu yangu humu ndani inashikwa na kila mtu, na mambo haya nataka tuyazungumze mimi na wewe tu, tena kwa kirefu.

Eliya, mchumba wa Neema, umempatia. Pale anapoamka saa kumi alfajiri kumsaidia Neema kufungua robota la mitumba sokoni Mashine Tatu, kabla hajaenda kwenye kazi yake mwenyewe, nilimpenda hapohapo. Na Neema anampenda, umeonyesha bila kutangaza: ule mnofu anaomfichia chini ya ugali ili wageni wasiumalize. Kurasa hizo usiziguse.

Kinachonisumbua ni kilabuni. Umewapeleka Neema na rafiki yake Sekela huko Kilolo kwenye harusi ya binamu, jioni wameingia kwenye kilabu cha ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi, Neema amekunywa mpaka lita ya tatu, halafu anambusu Sekela. Asubuhi anasema, "Jana tulilewa," na hadithi inarudi barabarani kwenda kwa Eliya. Kabla ya hapo hakuna mahali ambapo Neema amemtazama Sekela kwa namna yoyote zaidi ya urafiki. Basi msomaji mzigo wote atautupia lita tatu. Atasema ni mtu mzima aliyezidiwa, yamekwisha. Nami najua hukukusudia hivyo. Ulitaka kumwandika mwanamke anayevutiwa na wanaume na wanawake pia, kwa moyo wake uleule mmoja.

Kuna jambo dogo la msimu nilimalize kwanza. Harusi umeiweka Agosti. Ulanzi hugemwa masika, chipukizi la mwanzi likiwa bado laini. Mgema analikata ncha, anafunga mbeta ya kukingia, anarudi asubuhi na jioni kukata tena kipande chembamba ili utomvu usiache kudondoka. Agosti hana cha kukata. Ukiing'ang'ania Agosti, wape komoni, pombe ya nafaka. Ila mimi ningeisogeza harusi iwe Machi, mvua ikinyesha, kwa sababu ulanzi una faida ambayo komoni haina. Nitakuja huko.

Watu husema mlevi hasemi uongo, na nahisi sura yako imesimama juu ya msemo huo. Lakini hebu uufuate mpaka mwisho uone unakokupeleka. Ikiwa alichokifanya Neema akiwa amelewa ndicho ukweli wake, basi aliyoyafanya akiwa na akili zake timamu ni uongo. Yaani Eliya ni uongo. Ule mnofu chini ya ugali ni uongo. Hapo utakuwa umemfuta mwanamke uliyetaka kumwandika, na mahali pake umemweka mwingine, aliyekuwa anajificha nyuma ya mchumba mpaka pombe ikamfichua. Huyo mwingine naye yupo duniani na ana haki ya hadithi yake, ila si Neema. Na msomaji wa upande wa pili, anayesema pombe ni wazimu wa saa mbili tu, atamfuta Sekela. Wote wawili wanataka Neema awe na pendo moja la kweli na jingine la bandia, na pombe ndiyo inayowapa kisu cha kukatia. Hili ndilo lililoniuma hasa, Tumpe, kwa sababu watu wenye moyo wa namna hiyo huambiwa maisha yao yote kwamba wamechanganyikiwa, wachague. Usimwambie Neema hivyo na wewe, uliyemzaa.

Mfano wa zamani kuliko wote ninaoujua ni wa Ugiriki. Plato aliandika karamu moja ya mwaka 416 kabla ya Kristo, wageni wameketi wanazungumzia mapenzi, mara anaingia Alcibiades, jemadari, mtu aliyekuwa na mke na aliyesifika kwa kupenda wanawake. Amelewa, anashikiliwa asianguke, na mbele ya wote anamwaga jinsi anavyompenda mwanafalsafa Socrates. Ukisoma harakaharaka utasema divai imemfichua. Soma anachokisimulia. Kinahusu miaka ya nyuma, akiwa mkavu kabisa: jinsi maneno ya Socrates yalivyokuwa yanamtoa machozi, jinsi alivyokuwa akimwalika chakula ili apate kubaki naye, jinsi alivyomwona vitani kule Potidaea akitembea pekupeku juu ya barafu. Pendo lilikuwa na umri mkubwa kabla divai haijamiminwa. Divai ilimpa ulimi tu. Wewe umempa Neema ulimi ukasahau kumpa miaka.

Na hata huo ulimi, sidhani ni pombe peke yake inayoutoa. Unamkumbuka bibi yangu wa Rungwe? Alikuwa anapika kimpumu cha ulezi. Wazee walizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake, na yeye anapita na birika kuongeza maji ya moto. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni natazama. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye akishakolea alitukana kila mtu, majirani, wakwe, serikali, bila kubagua. Siku moja katikati ya matusi mchungaji akapita njiani na baiskeli. Yule mzee alinyamaza, akavua kofia, akasalimia kwa heshima zote, akasubiri baiskeli ipotee kwenye migomba, ndipo akaendelea pale alipoachia. Amelewa, lakini anajua mpaka uko wapi.

Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Craig MacAndrew na Robert Edgerton, walichapisha kitabu juu ya jambo hilohilo. Walikusanya habari za watu wa jamii nyingi wanavyokuwa wakilewa, wakaona hawafanani: kwingine walevi wanapigana, kwingine wanakaa kimya, kwingine wanaimba. Kama kilevi peke yake ndicho kingekuwa kinaamua, wangefanana. Wakasema mtu hujifunza kulewa kutoka kwa watu wake, na kwamba ulevi ni muda wa ruhusa, una mambo yanayosameheka na yasiyosameheka. Utafurahi kusikia kwamba huyo Edgerton aliwahi kufanya utafiti hukohuko kwenu kwa Wahehe, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Halafu kuna jaribio la 1976, la Terence Wilson na David Lawson, ambalo sijaacha kulifikiria tangu nimalize sura yako. Waliwachukua vijana wanaume wa chuo, wengine wakapewa vodka iliyochanganywa na toniki, wengine toniki tupu. Ujanja ni kwamba nusu ya kila kundi waliambiwa kinyume cha walichokunywa. Kisha wakaonyeshwa filamu za mapenzi, ya mwanamume na mwanamke, na ya wanaume kwa wanaume, miili yao ikipimwa. Waliosisimka zaidi ni wale walioamini wamekunywa pombe, hata kama glasi ilikuwa na toniki tu. Na ilikuwa hivyo kwa filamu zote mbili. Kumbe kilichowafungulia mlango ni kule kujua kwamba kesho wana la kujitetea.

Sasa rudi kilabuni kwako uone ulanzi unavyoweza kukusaidia. Ulanzi uliogemwa leo ni mtogwa, mtamu, haujampata mtu. Uliolala siku kadhaa ni mkangafu, huo ndio unaoangusha wanaume. Mweke Neema na dumu la mtogwa. Muuzaji anamwambia wazi, "Huu ni wa leo, mama, wa mchana huu." Sekela anasikia. Wanakunywa vikombe viwili viwili, mvua inapiga bati, na polepole Neema anaanza kuongea kwa ulimi mzito, anacheka kwa sauti ya mtu aliyelewa, anamwegemea Sekela begani. Wote wawili wanajua kilichomo kwenye kikombe. Hakuna anayelitaja. Asubuhi Neema anasema, "Jana tulilewa," na Sekela anakunja khanga yake, anamtazama, anajibu, "Ndiyo, tulilewa." Nakuhakikishia msomaji atakilaza kitabu kifuani hapo. Neno lako hujalibadilisha hata moja, ila sasa hana pa kuutupia mzigo.

Kwa njia hiyo pia unaondokana na jambo jingine zito. Katika sura ulivyoiandika, Neema hawezi kusimama bila kushikwa, huku Sekela amekunywa kikombe kimoja tu. Hilo si busu la watu wawili, dada. Mtu asiyejiweza hawezi kukubali wala kukataa, awe na mwanamume au mwanamke, na msomaji mwenye binti atamwogopa Sekela kuanzia hapo. Sekela ni nesi, umemjenga kwa upole mkubwa. Nesi huyo angemlaza rafiki yake kiubavu, angemfunika, angekaa macho.

Ukiona ni lazima Neema alewe kweli mahali fulani, basi uandike ulevi wenyewe unavyofanya kazi. Mwaka 1990 Claude Steele na Robert Josephs walieleza kwamba pombe hufinya macho ya akili: kilicho karibu kinakuwa kikubwa, kilicho mbali kinapotea, kama mtu anayeshuka Mlima Nyoka na kurunzi ndani ya ukungu. Ndiyo maana mlevi huyohuyo analia, anapigana, anakumbatia, kutegemea kilicho mbele yake. Kwa hiyo usiniandikie "pombe ilimpa ujasiri". Niandikie kidole cha Sekela kinachofuta povu kwenye ukingo wa kikombe. Niandikie kovu dogo la sindano kwenye mkono wake. Mama mkwe, kanisa, mahari iliyokwisha pokelewa, vyote vimetoka nje ya mwanga kwa saa moja. Halafu vinarudi, kimoja kimoja, na kila kimoja kina uso.

Najua kwa nini uliikimbilia pombe. Ninyi waandishi wa hapa mnaandika huku mnatazama nyuma. Kanuni ya Adhabu ipo, kifungu cha 154 kinachokataza kuingiliana "kinyume na maumbile" kipo, na tangu marekebisho ya 1998 adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, na haiwi chini ya miaka 30. Na kabla ya sheria kuna shangazi, kuna kwaya, kuna mwenye nyumba. Ulimpa Neema kikombe ili naye apate pa kujifichia, na wewe pia. Sikulaumu hata kidogo. Ninachokuomba ni hofu hiyo uitie ndani ya hadithi badala ya kuifunika kwa ulevi. Mwache Neema aogope waziwazi. Mwache ahesabu nani kaketi benchi la nyuma, nani anamjua Eliya, nani ana mdomo. Ukiandika hivyo, msomaji mwenyewe ataelewa kwa nini mwanamke mwenye akili timamu ajifanye amelewa kwa mtogwa.

Na Eliya asiwe mbaya, tafadhali. Katika sura ya tisa naona umeanza kumtia ukali ili Neema apate sababu. Hahitaji sababu. Anampenda Sekela pamoja na kumpenda Eliya, na uzito wa hadithi yako uko hapo kwenye hilo "pamoja". Ukimfanya Eliya mpigaji, kila mtu atapumua kwa raha, na utakuwa umewapa raha wasiyostahili.

Mswada naurudisha kwa basi la Jumamosi, nimeandika pembeni kwa penseli, yale ya sura ya tatu na ya tano utayaona mwenyewe, ni madogo. Ila kabla hujaigusa ya saba nijibu swali moja: Neema alianza lini? Nitajie siku, akiwa hajanywa kitu, na alichokuwa anakifanya Sekela wakati huo. Alikuwa anafunga kidonda cha mtu? Alikuwa anabishana bei ya kitenge? Ukishaniambia, hiyo ndiyo iwe sura ya pili.

Msalimie mama sana.

Dada yako,
Bupe