Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kipimo cha AFP na Kosa Langu la Mwaka Jana

Ndugu wanachama, kamwene.

Asanteni kwa kufika, hasa mliotoka Kilolo na Mafinga na mvua hii. Hesabu atazisoma mweka hazina. Vikao vya kamati vilifanyika vyote isipokuwa kimoja, ambacho tulikiahirisha kwa uzembe wetu wenyewe. Mimi nitazungumzia AFP, ile proteini inayopimwa kwenye damu kutafuta dalili za saratani ya ini, maana ndiyo iliyotusumbua mwaka mzima.

Mtakumbuka mwaka jana nilisimama hapa nikawaambia, tena kwa kujiamini, kwamba mwenye homa ya ini B akipima AFP ikatoka chini ya 20, alale usingizi. Nilikosea, naomba radhi. Mwenzetu mmoja alipata namba ya chini kabisa, akaenda kula sikukuu na wanawe. Miezi michache baadaye ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye ini. Maabara haikukosea. Uvimbe wake haukuwa ukitoa proteini hiyo, na vivimbe vya namna hiyo si haba, hasa vikiwa bado vidogo.

Daktari aliyekuja kutufundisha alianzia mbali. AFP hutengenezwa kwa wingi na ini la mtoto aliye tumboni, na akishazaliwa hupungua mpaka karibu kwisha. Mwaka 1963 Garri Abelev na wenzake huko Moscow waliikuta kwa panya wenye uvimbe wa ini. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta kwa wagonjwa. Kwa kuwa mtoto aliye tumboni huitoa, mjamzito huwa nayo juu bila saratani yoyote (mama mmoja hapa alikosa usingizi wiki nzima kwa sababu hiyo), na homa ya ini ikichachamaa nayo hupanda. Kwa walio kwenye hatari, msingi ni ultrasaundi kila miezi sita, AFP ikiisindikiza. Vipo pia vipimo vipya vya damu, AFP-L3 na PIVKA-II, ambavyo hujumlishwa na AFP, umri na jinsia kupata alama iitwayo GALAD. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme mapema, kwani dawa hiyo hupandisha PIVKA-II.

Wengi mmeniuliza kama damu inaweza kuonyesha saratani imesambaa. Namba ikiwa kubwa sana, au ikipanda mbiombio, madaktari huhofia kwamba imeshaingia kwenye mishipa ya damu ya ini, na kutoka hapo huweza kufika mapafuni, kwenye mifupa au kwenye tezi. Lakini damu haikwambii imefika wapi. Hiyo ni kazi ya picha, kama CT skani. AFP husaidia zaidi baada ya upasuaji: iliyokuwa juu hupungua kwa nusu kila baada ya kama siku 5 hadi 7. Ikishuka vizuri kisha ikaanza kupanda tena, usisubiri tarehe ya kliniki.

Mzee wetu mmoja alinimwagia mezani vikaratasi vya majibu ya miaka minne. Tulipovipanga kwa tarehe, namba ilikuwa ikipanda kidogo kidogo kila mara, na hakuna aliyekuwa ameviona vyote pamoja. Tulimpeleka siku ileile. Kwa hiyo kamati imenunua madaftari. Andika tarehe, namba na maabara ulikopima, na ukiweza rudi maabara ileile.

Kuhusu mahindi na karanga nimeshasema mpaka nimechoka. Yenye ukungu msile, wala msiyapeleke kwenye pombe. Sumukuvu ikikutana na homa ya ini B, hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi. Pombe ya ulanzi nayo, jamani, najua ni msimu wake, lakini ini lililokwisha kuumwa halijui msimu.

Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini Tanzania mwaka 2002. Wenye wenza na watoto wakubwa ambao hawajapimwa, waleteni; mpaka leo nusu ya kamati yenyewe haijaleta wa kwake, nami nikiwemo.

Madaftari yako kwa katibu. Chukueni kabla ya chai, na mje na majibu ya zamani kikao kijacho.