Bangili za mama usizipeleke kwanza

Busia, Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku wazima, watoto wazima, mvua haikatiki. Nimenyamaza tangu Idi, uniwie radhi. Mama Pacha amerudi jana kutoka Kampala, akaniambia unataka kuweka rehani bangili za marehemu mama ili ulipe karo, na kwamba huyo mkopeshaji anataka umwachie na kitambulisho cha taifa. Sikulala. Usiende kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Unakumbuka nilikwambia cherehani yangu iko kwa fundi? Nilikuficha. Niliiweka rehani mwezi wa pili, shule zikifunguliwa, kwa shilingi 300,000, riba asilimia 20 kila mwezi. Nilijua nikimaliza gomesi tatu, yale magauni yetu ya sherehe, nilizokwisha kuzikata, naikomboa. Sasa nizishone kwa nini, na cherehani imo stoo ya mtu? Miezi mitatu nimelipa riba tupu, 60,000 kila mwezi, na deni bado 300,000 vilevile.

Nilipokwenda kuomba muda, akanitolea karatasi niliyotia sahihi siku ile ya haraka. Nilidhani ni ya mkopo. Kumbe juu imeandikwa hati ya mauziano: kwamba nimemuuzia cherehani na fedha nimepokea zote. Nikaiona nyuma yake, katikati ya televisheni na mitungi ya gesi, imefungwa kikaratasi cha namba kwa kamba ya katani. Uzi wa bluu wa gomesi ya Mama Pacha ulikuwa bado umo sindanoni. Shoga yangu, nililia njia nzima.

Karani wa SACCO yetu ndiye aliyenifumbua macho. Kwa sheria ya Uganda ya 2016, mkopeshaji lazima awe na leseni ya UMRA, mamlaka ya serikali inayosimamia wakopeshaji. Kushika kitambulisho cha taifa kuwa dhamana ni marufuku. Na tangu 2024 serikali imeweka kikomo cha riba: asilimia 2.8 kwa mwezi. Tukapiga hesabu pamoja. Kwa 300,000 ilikuwa nilipe riba ya 8,400 kwa mwezi. Mimi nimelipa 60,000 kila mwezi, miezi mitatu!

Jumanne narudi kwake pamoja na huyo karani. Risiti ninazo mbili tu, ya tatu aliandika kwenye daftari lake. Karani anasema tukianza na hizo mbili yatosha, asipotusikia tunapeleka malalamiko UMRA. Niombee dua. Ile cherehani ndiyo iliyonilishia watoto hawa.

Lakini yako ndiyo yanayonichoma zaidi, kwa sababu cherehani hununuliwa nyingine. Zile bangili mama alizivaa siku ya harusi yako, mimi nikimshikia mkono azivue akuvishe.

Kikundi chetu kinagawana akiba mwezi ujao, naweza kukutumia 150,000, bila riba. Shule haiwezi kupokea nusu sasa na nusu baadaye? Umemwona mwalimu mkuu mwenyewe, au umeishia kwa mhasibu? Huyo mtu amekuonyesha leseni? Karatasi yake umeisoma, juu imeandikwa nini? Na kitambulisho, kiko mkononi mwako au umeshampa? Nipigie hata usiku wa manane.

Nduguyo,
Mama Rehema