Elfu arobaini kwa kubana kichwa cha waya?

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja wa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, aliondoka amenuna kwenye duka letu la kutengeneza kompyuta na mitandao. Tumemtoza elfu arobaini, na alichokiona kwa macho yake ni fundi kukata ncha ya waya (kebo ya mtandao) na kubana kichwa kipya. "Kichwa hiki mjini ni shilingi mia tano," akasema. Kweli, ni mia tano. Ila lalamiko hili limezidi, na linatuuma, basi tuelezane.

Seva yake, yaani kompyuta ya kutunzia faili inayotumia mfumo wa Linux, inatunza picha za studio. Kunakili faili kuligota kwenye megabaiti 11 kwa sekunde. Fundi akisikia 11 anajua kadi ya mtandao ya gigabiti imeshuka hadi megabiti 100 (biti nane ni baiti moja), kwa sababu gigabiti nzima inatoa megabaiti 110 hivi, diski ikiweza kwenda nayo. Tukapiga ethtool, amri inayoonyesha mwendo wa kadi, na kweli: Speed: 100Mb/s. Gigabiti inataka nyaya zote nane za kebo zishike. Megabiti 100 inatosheka na nne, namba 1, 2, 3 na 6. Kwake waya wa kahawia haukufika kwenye meno ya kichwa. Taa inawaka, intaneti inafunguka, nani atashuku kebo? Yeye alishuku kadi, akanunua mpya kwa elfu hamsini na tano kabla ya kutuita. Mwendo ukabaki uleule.

Njia ya mkato inayotusumbua zaidi ni kulazimisha mwendo. Duka moja la vifaa vya ujenzi, Nkuhungu, kijana wao alikuta amri mtandaoni akaipiga: ethtool -s eth0 speed 100 duplex full autoneg off, yaani mwendo 100, tuma na pokea kwa pamoja, bila mapatano. Swichi ya upande wa pili, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta, bado inasubiri mapatano, yaani vifaa viwili vikubaliane mwendo. Isipojibiwa, inautambua mwendo lakini inajiweka nusu dupleksi, yaani kutuma na kupokea kwa zamu. Hapo seva inatuma muda wowote, swichi inadhani ni lazima wapokezane, na data zinagongana. Ubaya wake ni kwamba ping, kale kajaribio ka kuona kama mashine inajibu, inapita vizuri kabisa. Peleka faili kubwa uone inavyotambaa. Wale walilipia kifurushi kikubwa zaidi miezi mitatu mfululizo wakiamini tatizo ni intaneti. Sisi tulisoma ip -s link, amri inayohesabu makosa ya kadi, tukaona makosa ya upokeaji yanapanda kila tukinakili, tukarudisha mapatano ya otomatiki. Kurekebisha, dakika moja. Kulipata, asubuhi hadi adhuhuri.

Na hiyo asubuhi ndiyo unayoilipia. Tunapima kwa iperf3, programu inayopima mtandao peke yake, ili diski isisingiziwe, tunabadili kebo, tunahamia tundu jingine la swichi, tunasoma dmesg (kumbukumbu za mfumo), kimoja kimoja. Kiangazi tunafungua na matundu yenyewe, maana vumbi la Dodoma mnalijua. Kebo za alumini zilizopakwa shaba tunakwambia uziache hata kama ni nafuu. Zinakatika ndani kwa ndani ukizikunja kidogo tu. Kifaa kipya hatukuambii ununue mpaka cha zamani kithibitike kimekufa.

Mteja wa Kisasa, ile ncha tuliyoikata ipo mezani kwetu. Pita uishike uone waya wa kahawia ulivyoishia njiani, na uje na ile kadi mpya tukusaidie kuirudisha ulikoinunua.