Barua kwa Atupele, mkimbiaji wa nne

Uyole, Mbeya
Mwanzoni mwa Julai

Mwanangu Atupele,

Marahaba, mama. Shikamoo yako nimeipokea na barua nimeisoma mara mbili. Huku tu wazima wote. Baridi imeshika kwelikweli, alfajiri nyasi za bondeni zinaamka na sakitu, na bibi yako haondoki jikoni mpaka jua lipande.

Umeniandikia kwamba kocha amekupanga namba nne kwenye timu ya mbio za nyika ya chuo, kisha ukaongeza, "nne tu." Hilo neno "tu" ndilo lililonikalisha chini niandike.

Mbio za nyika hazihesabiwi kama za uwanjani. Kinachohesabiwa ni nafasi: wa kwanza kufika anapata pointi 1, wa pili 2, wa thelathini 30. Timu inaingiza wakimbiaji sita, nafasi za wanne wa mwanzo kufika zinajumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Ndivyo ilivyo hata mashindano ya dunia. Vyuo vya Marekani wanakimbiza saba na kuhesabu watano, lakini mantiki ni ileile. Sasa chukua kalamu. Timu yenye nyota imeshika nafasi ya 1, 3, 14 na 38. Jumla 56. Timu isiyo na mtu hata mmoja ndani ya wanane wa kwanza imeshika 9, 11, 13 na 15. Jumla 48, na kombe ni lao. Timu ya kwanza ilikuwa na mshindi, ikaangushwa na mtu wake wa nne. Na pointi zikilingana, kanuni inasema timu inayoshinda ni ile ambayo mtu wake wa mwisho kuhesabiwa amefika karibu zaidi na wa kwanza. Mtu huyo ni wewe.

Tena huko katikati, unakokimbia wewe, ndiko sekunde zilikokuwa ghali. Mbele kabisa wakimbiaji wameachana. Binti yenu wa kwanza akipoteza sekunde tano, huenda hapotezi hata pointi moja. Kati ya nafasi ya 15 na ya 35 watu wamebanana kama abiria wa daladala ya jioni. Ukisimama sekunde tano kufunga kamba ya kiatu, wanakupita saba au wanane, na pointi hizo zinaiendea timu nzima. Kwa hiyo kila ninachokuandikia hapa chini kina lengo moja: usipoteze sekunde za bure.

Anza na mwanzo wenyewe. Kila timu inapewa kiboksi chembamba kwenye mstari, na wote sita hawatoshei kusimama sambamba. Wenye kasi wawili mbele, wewe na wa tatu nyuma yao, wa tano na wa sita nyuma yenu. Kabla ya hapo nendeni mkatembelee mita 600 za kwanza kwa miguu, mkitafuta mahali njia inapofinywa, iwe ni daraja, kona au pengo la ua. Kama finyo liko mita 300 kutoka mstarini, itabidi mtoke haraka kidogo ili msikwame nyuma ya umati. Kama liko mbali, msishawishike. Kosa ninaloliona kila msimu ni binti anayekimbia kilomita ya kwanza sekunde kumi na tano mbele ya uwezo wake kwa sababu ya kelele na kusukumana, halafu kilomita ya nne miguu inajaa na haisikilizi tena. Katika mbio zako za kilomita 6, ukifika kilomita 2 na bado unaweza kusema maneno matatu kwa pumzi moja, uko sawa. Ukishindwa kusema hata moja, punguza hapohapo, usingoje kilima.

Kimbia na mwenzako wa tatu. Nasema kimbia naye kwa maana halisi: bega lako kwenye bega lake, au hatua moja nyuma yake upande ule ambao upepo hauji. Mkubaliane mapema maneno mafupi, yasizidi matatu. "Twende" maana yake tunampita huyu aliye mbele. "Shika" maana yake anapoteza kasi, mvute. Msiongee zaidi ya hapo. Mkifika kilomita ya tano na mmoja ana nguvu zaidi, aende, wala asigeuke nyuma. Kumngoja mwenzako kwenye kilomita ya mwisho kunaonekana upendo, lakini kunaiongezea timu pointi. Upendo wa timu ni kumvuta kilomita nne nzima, halafu kumpokea mwisho.

Vilima. Kule Njombe mtakakokimbia, njia lazima itakuwa na vilima, nchi ya kule haina tambarare ya kutosha kilomita 6. Unapopanda, fupisha hatua, mikono ifanye kazi, macho yaangalie mita kumi mbele wala si kileleni. Usilazimishe kasi ibaki ileile. Kinachobaki kilekile ni juhudi. Halafu jambo ambalo wengi hawalifanyi: ukifika kileleni usipumzike. Hesabu hatua ishirini baada ya kilele ukiendelea kusukuma. Karibu kila mtu anajilegeza pale juu, na hapo ndipo unapopita watatu bila kugombana nao. Kwenye mteremko inama mbele kidogo kutoka kwenye vifundo, si kiunoni, hatua fupi za haraka. Ukiweka kisigino mbele unapiga breki, na mapaja yatakudai kesho yake.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Iringa mliko. Pumzi itakuja mapema. Hali hiyo inashughulikiwa kwa uvumilivu wa kilomita mbili za kwanza tu, maana huko juu deni la pumzi halilipiki katikati ya mbio. Baridi nayo inadanganya: unaona mwili umepashwa kumbe ni ngozi tu. Jogi dakika 15, mazoezi ya viungo dakika 10, halafu mbio fupi nne za mita 80, na traksuti isivuliwe mpaka dakika tano kabla ya kuitwa mstarini. Mmoja wa akiba akae pale na begi la nguo. Timu inayoacha nguo chini kwenye umande inarudi kuvaa nguo zilizolowa.

Viatu sasa. Kwenye nyasi kavu tumia misumari ya soli ya milimita 9. Umande mzito au tope, 12. Njia ikiwa na changarawe au kipande cha barabara, 6, la sivyo utahisi kama umevaa mawe. Udongo mwekundu wa kule ukilowa unaganda kati ya misumari na kiatu kinakuwa na uzito mara mbili. Pakaa soli mafuta ya kupikia kidogo kabla ya kwenda mstarini, tope litadondoka lenyewe. Kaza misumari kwa spana usiku, si asubuhi vidole vikiwa vimekufa ganzi. Nyuzi za misumari zipakae mafuta ya mgando zisishike kutu, maana msumari uliokwama kwenye kutu hautoki, na unaharibu kiatu kizima. Kamba funga mara mbili, masikio yake uyachomeke chini ya kamba za juu. Na usivae viatu vipya siku ya mashindano, hata kama ni vizuri kiasi gani. Vaa angalau mara tatu mazoezini kwanza.

Umeniuliza kuhusu wiki mbili za mwisho kabla ya fainali ya Morogoro, maana wenzako wanataka kuongeza mazoezi. Waambie hapana. Mwili hauongezi nguvu mpya ndani ya siku kumi. Unachoweza kufanya ni kuuacha uonyeshe ulichokwisha kuujengea. Kama sasa mnakimbia kilomita 60 kwa wiki, wiki ya kwanza iwe 42, ya mwisho 30. Punguza urefu, usipunguze kasi, wala usipunguze siku za mazoezi. Siku kumi kabla, fanyeni mita 1,000 mara tano kwa kasi ya mashindano, mapumziko dakika mbili. Siku nne kabla, mita 400 mara nne kwa kasi ileile. Siku moja kabla, jogi dakika 20 na mbio fupi nne, basi. Siku ya tatu au ya nne ya kupunguza utahisi miguu mizito na uvivu, na utaogopa kwamba umeharibika. Ni kawaida. Wanaoharibika ni wale wanaoogopa wakaenda kukimbia kilomita 12 za kujihakikishia.

Mwisho wa msimu huwa unaangukia mitihani, na mtu anayelala masaa matano tu kwa usiku hana mapumziko hata asipokimbia kabisa. Panga kusoma mchana. Nakuomba hilo kama mama, si kama mwalimu wa michezo.

Chakula. Usiku kabla ya mbio kula wali au ugali na mboga uliyoizoea, maharage kidogo tu. Asubuhi, masaa matatu kabla ya mbio, uji wa ulezi na ndizi, au chai na mkate. Maziwa ya mgando acha mpaka jioni. Kichomi cha ubavuni mara nyingi kinawapata waliokula karibu mno na mbio, au waliokunywa kikombe kizima cha juisi tamu dakika 30 kabla.

Lakini hili lina uzito kuliko mengine yote kwa binti anayekimbia. Damu. Tunapoteza madini ya chuma kila mwezi, na mkimbiaji anayahitaji zaidi. Ukianza kuchoka kwenye ngazi za bweni, ukahema kwa kasi ambayo mwezi uliopita ilikuwa ya kuongea, usiseme ni uvivu; nenda kapime damu. Kula dagaa, maini ukiyapata, maharage na mboga za majani, ukamulie limau juu yake. Chai usiinywe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini. Iache lisaa limoja au mawili baadaye. Na siku zako zikikatika kwa miezi mitatu, usifurahi kwamba umepata nafuu. Ni mwili unasema chakula hakitoshi kwa kazi unayoupa, na kinachofuata ni mifupa ya mguu kupata nyufa. Niambie siku hiyohiyo. Waulize na wenzako, kwa upole, maana wengi hawana wa kumwambia.

Morogoro ni kinyume cha Njombe: iko chini, takriban mita 500, pumzi ni nyingi, lakini joto litawapiga ninyi mliotoka milimani. Mwili unahitaji siku kumi hadi kumi na nne kuzoea joto, nanyi hamtakuwa nazo. Kwa hiyo kaeni kivulini mpaka dakika za mwisho, mpashe mwili kwa dakika 15 badala ya 25, na mlowanishe kofia na shingo. Kwenye basi msikae kutoka Iringa mpaka Morogoro bila kunyanyuka. Kila linaposimama shukeni mtembee, kunyweni maji kidogo kidogo, soksi zisibane. Fikeni siku mbili kabla ikiwezekana. Mtu aliyeshuka na basi usiku akakimbia asubuhi, miguu yake bado iko njiani, kwenye mlima Kitonga.

Kwenye kumaliza, usipunguze kasi ukiuona mstari. Mwaka 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alikimbia marathoni nzima, kilomita 42 na ushei, akampita Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Wote wawili waliandikiwa muda wa 2:09:48, lakini bingwa wa dunia ni Mtanzania. Ukishavuka, usikae chini wala usitoke kwenye mkondo wa kamba. Tembea kwa mpangilio uliofika nao mpaka wakupe kadi yako ya nafasi. Binti anayejitupa chini anapitwa na mtu aliyemshinda, na kubishana na meza ya waamuzi baadaye hakumrudishii kadi.

Kuna wa tano na wa sita wenu. Nafasi zao hazijumlishwi, ndiyo maana wanajiona wasindikizaji. Waelezeni kwamba kila wanapompita mtu wa nne wa timu pinzani, wanamsukuma nafasi moja nyuma na kumwongezea pointi. Na mmoja wenu akivunjika mguu kilomita ya tatu, wa tano anakuwa wa nne papo hapo. Wakimaliza, msiondoke mstarini mpaka wa sita afike. Mkiwa mnapanga vyumba, wewe na wa tano mlale pamoja. Yeye ndiye atakayekuwa karibu nyuma yako, na mnahitaji kujuana pumzi.

Mzigo nimeutuma kwa basi la asubuhi. Uulizie kituoni Ipogolo kesho jioni, una jina lako. Ndani kuna misumari ya milimita 9 na 12, ya kutosha jozi mbili, spana, kopo la mafuta ya mgando, soksi jozi tatu, na viazi vya bibi ambavyo amesema uwapikie wote sita. Ukiupata nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako