Radi ya mlimani haiji "ghafla"

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini ile habari ya wapanda mlima waliopigwa na radi imenishinda kumeza. Mmeandika "ghafla" mara tatu. Ghafla gani saa nane mchana, katikati ya majira ya joto, juu ya kigongo kisicho na hata mti? Jua likipasha miteremko tangu asubuhi, hewa yenye unyevu hupanda. Kufikia saa nne vibonge vyeupe vya mawingu vimeshajitokeza, na vikianza kurefuka kwenda juu, basi mchana wako umekwisha. Hiyo ni ratiba.

Nasema kwa kuwa yalinikuta. Tulikuwa sita na mwongozaji. Saa tano na nusu nilimwonyesha wingu lililoanza kuwa jeusi tumboni. Akacheka: "Mzee, hilo linaelekea kule, na sisi tumebakiza dakika 40 tu." Nami mjinga nikafuata, kwa sababu nilikuwa nimeshalipa. Tulipofikia kamba za chuma za kushikilia, fimbo yangu ikaanza kuvuma, mvumo mwembamba kama wa nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Nikadhani ni simu. Kuinua macho, nywele za binti aliyenitangulia zimesimama kando ya kofia kama zinavutwa kwa uzi. Hapo kicheko cha mwongozaji kikakatika, maana fimbo ikivuma na nywele zikisimama, radi iko karibu kupiga. Tulitupa fimbo, tukashuka kwa makalio huku mvua ya mawe ikitupiga visogoni, tukachutama kwenye kibonde, miguu imebanwa pamoja, kila mtu mbali na mwenzake, maana umeme hutambaa ardhini na kumpata hata ambaye hakupigwa yeye. Nilikuwa nahesabu kutoka mmweko hadi ngurumo. Sekunde tatu ni kilomita moja. Sikufika mbili. Na mvua ilipokatika, kabla hata ya nusu saa kupita, wawili wakataka tupande tena!

Agosti 22, 2019, kwenye mlima Giewont kule Poland, wenye msalaba wa chuma kileleni na minyororo ya kupandia, radi iliua watu wanne na kujeruhi zaidi ya 100. Mlima wenyewe haufiki hata mita 2,000. Nanyi mkapamba habari yenu kwa picha ya vijana waliotanua mikono kileleni, wingu jeusi nyuma yao, kana kwamba ni tangazo.

Halafu kuna hawa wenye malazi ya mlimani. Chai saa mbili asubuhi! Mtu anywe chai, asubiri foleni ya choo, afunge mkoba, atoke saa tatu, na bado mnamshangaa kukutwa juu mchana. Wafungue jiko saa tisa na nusu usiku, hata kama chai ni ya baridi, na ifikapo saa tano wote wawe wanateremka.

Kuhusu mwandishi wenu, fimbo yangu ninayo bado. Niliirudia kesho yake. Nitamwazima. Asimame nayo juu ya kigongo saa nane mchana, aisikilize inavyovuma, kisha aandike "ghafla".

Msomaji wenu wa siku nyingi