Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mikataba ya Utafiti na Mkono Uliofichwa

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini, nami sitayarudia. Nitazungumzia jambo moja: namna vyuo vya hapa Dodoma vinavyoweza kujikinga na serikali au kampuni za nje zinazotaka kuelekeza utafiti na wanafunzi wetu pasipo kujitaja.

Kushirikiana na wageni si kosa, na utafiti wetu wa mtama, maji na afya unahitaji fedha na maabara zao. Kinachoharibu ni kuficha. Charles Lieber, wakati huo mkemia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alitiwa hatiani Desemba 2021. Hakushtakiwa kwa kufanya kazi na wenzake wa Wuhan, China. Aliwadanganya wachunguzi kuhusu uhusiano huo, na malipo yake hakuyatamka kwenye kodi.

Kwetu mlango ulio wazi zaidi ni mkataba. Kuna kifungu kinachosomeka hivi: "Matokeo yatachapishwa baada ya kuridhiwa na mfadhili." Sumu iko kwenye neno "kuridhiwa", maana halina ukomo; mfadhili akinyamaza, kazi inaozea kabatini. Andikeni badala yake kwamba mfadhili atapewa rasimu, atatoa maoni ndani ya siku 30, na siku hizo zikipita mtafiti yuko huru kuchapisha. Muda uongezwe tu kwa ajili ya kulinda hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) au taarifa binafsi za washiriki. Kabla ya kusaini, ulizeni pia fedha zinatoka akaunti ya nani. Jina la akaunti likitofautiana na jina lililo kwenye mkataba, simamisheni mpaka ijulikane kwa nini.

Tatizo la pili ni mwenyeji wa jina. Mtafiti wa kigeni huhitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na mshirika wa hapa nchini, lakini mara nyingi mshirika huyo husaini tu. Dodoso hakuliona, takwimu ghafi hana. Mgeni akiondoka, kazi yote imeondoka naye. Nakala ya takwimu iingie kwenye seva ya chuo kila wiki kazi ya uwandani inapoendelea. Kusubiri mwisho wa mradi ni kuchelewa.

Sampuli nazo zisisafiri bila mkataba wa kuhamisha sampuli unaotaja uzito, matumizi yanayoruhusiwa na hatima ya masalia. Bahasha ya gramu 50 za mtama ina punje zaidi ya elfu moja. Inakaa mfuko wa shati, na inatosha kuanza kuzalisha mbegu kwingine.

Majina ya wakulima yakiambatana na alama za GPS za mashamba yao ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, imeweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Tenganisheni jedwali la majina na la majibu. Jedwali linalounganisha mawili hayo libaki chuoni.

Kuhusu zawadi, sheria ya Marekani huvitaka vyuo kutoa taarifa ya fedha za nje zinapofikia dola 250,000 kwa mwaka. Kiwango hicho hakitufai hata kidogo, kwa sababu hapa mtu hufungwa mdomo kwa tiketi ya ndege na kompyuta mpakato. Kamati inapendekeza kutangaza kila kitu, bila kima cha chini. Nakala moja iende nje ya idara, kwani mkuu wa idara naye anaweza kuwa mnufaika.

Tusiwatazame wanafunzi wa kigeni kwa jicho la shaka. Wao ndio hubanwa kwanza, huku ndugu zao waliobaki nyumbani wakitishwa. Mwanafunzi, awe wetu au mgeni, akitakiwa na mfadhili kuripoti maoni ya wenzake darasani, apate mtu wa kumweleza asiyehusika na ufadhili wake. Kila kitivo kiteue mmoja, na jina libandikwe ubaoni.

Fomu ya kutangaza maslahi iko kwa katibu, ni ukurasa mmoja: nani ametoa, thamani yake, kwa muda gani, na anatarajia nini. Sehemu hiyo ya mwisho isiachwe wazi.