Kwenu vijana mnaobishana kuhusu uovu na uhuru

Wanangu,

Juzi niliwasikiliza mkijadiliana. Mmoja aliuliza: ikiwa Mungu ni mwema na anaweza yote, uovu umetoka wapi? Mwingine akamjibu upesi, "Binadamu ameumbwa huru," na mjadala ukafungwa. Mimi nikaondoka na mzigo moyoni.

Jibu lenyewe lina uzito, sibishi. Mwanafalsafa J. L. Mackie, asiyeamini Mungu, alilipinga mwaka 1955 akiuliza kwa nini Mungu asingeumba watu walio huru na ambao daima huchagua mema. Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo, akamjibu kwamba huenda hilo halimo hata katika uwezo wa Mungu, maana uchaguzi ukishapangwa na mwingine si wako tena. Someni wote wawili. Tetemeko la ardhi la Lisbon, Ureno, la 1755 nalo halikuchaguliwa na mtu, kwa hiyo msimwambie aliyefiwa kwa janga kama lile kwamba uhuru ndio sababu.

Kinachonisumbua ni kwamba mnautumia uhuru kumtetea Mungu, na hamjautumia kujihoji wenyewe. Augustino, yule mtakatifu na mwalimu wa Kanisa la kale, alianza kwake. Alikuwa na miaka 16 alipoiba mapea na wenzake usiku. Njaa hakuwa nayo, na mengi waliwatupia nguruwe. Hata alipokuwa mtu mzima hakuliita jambo dogo. Aliendelea kujiuliza alitaka nini hasa.

Nami nina la kwangu. Nilipokuwa karani kijana, fedha za ofisi zilipotea na mwenzangu akashukiwa. Nilijua si yeye, kwa sababu saa ile tulikuwa pamoja. Mkuu wetu aliniuliza mara moja tu. Nilikuwa nimeshika kalamu, nikawa nafungua na kufunga kifuniko chake. Nikasema, "Sijui." Mwenzangu akafukuzwa kazi.

Kwa miaka mingi nilijiambia sikuwa na la kufanya: mkuu mkali, watoto wadogo, kodi ya nyumba. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini kile kifuniko kikiwa kati ya vidole vyangu, jibu la pili lilikuwa ulimini, nikalimeza.

Eichmann, ofisa wa Wanazi aliyepanga kusafirishwa kwa Wayahudi kwenda kuuawa, na aliyehukumiwa Jerusalem mwaka 1961, alijitetea kwamba alitii amri, hata akadai ameishi kwa kufuata mafundisho ya mwanafalsafa Mjerumani Kant juu ya wajibu. Kant huyohuyo aliandika mwaka 1793 kwamba mtu hujifanya mwenyewe kuwa mwema au mwovu. Sijilinganishi na muuaji yule. Makosa yetu yako mbali kama mbingu na ardhi. Ila niliposoma utetezi wake niliitambua sauti ya "sikuwa na la kufanya", kwa kuwa nimeshaitumia.

Basi mtakapokutana tena, kabla hamjamgusa Mackie wala Plantinga, kila mmoja aje na tendo lake moja ambalo angeweza kutolitenda. Si lazima alitaje mbele ya wenzake. Alishike tu kichwani muda wote mtakaokuwa mkizungumza.

Mzee wenu